Gawio la mfuko wa Marekani linakatwa 30%, nifanyeje?

Kijana wa Area C
Wakuu, salamu kutoka Dodoma. Kuna mfuko wa hisa unaofuata S&P 500, yaani kampuni kubwa 500 za Marekani. Gawio la robo hii dola 320, zimeingia 224. Nimejaza upya W-8BEN, ile fomu ya kutamka kuwa wewe si mtu wa Marekani, nikidhani makato yatashuka, wapi! Naombeni njia, nina haraka.

Zabibu Kavu
Hayashuki. Fomu hiyo hupunguza kodi ya zuio pale tu nchi yako ina mkataba wa kodi na Marekani, na Tanzania haina. Mfuko kama huo uliosajiliwa Ireland hukatwa 15% ndani kwa ndani. Ila hizo 96 usiziache zipotee: mkaazi anatozwa na TRA mapato ya dunia nzima, kwa hiyo kwenye ritani ya 30 Juni andika 320 kamili, kisha dai 96 kama kodi iliyolipwa nje. Ushahidi ni fomu 1042-S ya dalali, inayoonyesha makato.

Mama Makole
Mwanangu, ng'ambo ya nini? Vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT vipo hapa hapa nyumbani.

Mkokotozi
Hesabu hainiingii. 320 kwa robo ni 1,280 kwa mwaka. Kwa gawio la 1.3%, mtaji unakaribia dola 98,000. Mwenye mtaji huo ndiyo kwanza anashtukia makato ya kila robo? Ama akaunti si yako, ama umetunga.

Kijana wa Area C
Sijatunga. Ni ya marehemu baba. Nywila ninayo, fomu nilisaini kwa jina lake. Ukoo umekubali niuze kidogo kidogo, nimeshauza za 9,000. Ada za wadogo zangu hazingoji mahakama.

Mkokotozi
Pole sana kwa msiba, na unisamehe. Lakini acha kuuza leo. Asiye raia wala mkaazi wa Marekani akifariki na mali ya huko inayozidi dola 60,000, ipo kodi ya mirathi. Kwa 98,000 ni 23,240, toa nafuu ya 13,000, zinabaki 10,240. Thamani inayopimwa ni ya siku aliyofariki, hivyo kuuza sasa hakupunguzi hata senti. Dalali akijua, hufunga akaunti mpaka aone cheti cha uhamisho cha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, nacho hutoka baada ya fomu 706-NA, yaani ritani ya kodi hiyo ya mirathi. Amefariki lini?

Mwalimu Nkuhungu
Ukoo hupendekeza msimamizi, haumpi mtu ruhusa ya kusaini kwa jina la marehemu. W-8BEN ni tamko la kiapo! Anza na cheti cha kifo cha RITA na muhtasari wa kikao cha ukoo, uende mahakamani ukafungue mirathi. Barua ya usimamizi itafsiriwe kwa Kiingereza.

Kijana wa Area C
11 Februari mwaka huu. Zile 9,000 bado zimo kwenye akaunti.

Mkokotozi
Zibaki humo. Miezi tisa ya kuwasilisha 706-NA na kulipa kodi inaisha 11 Novemba. Mahakama ikichelewa, fomu 4768 ipelekwe kabla ya siku hiyo, mtapata miezi sita zaidi ya kuwasilisha. Muda wa kulipa hausogei. Riba inaanzia hapo hapo Novemba.