Naomba ushauri: mhariri anataka kauboi wangu mweusi awe mpishi

Mchoraji wa Houston:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Houston, Texas, na nipo katika hatua za mwisho za kitabu cha katuni kinachosimulia mapenzi ya wanaume wawili katika msafara wa ng'ombe wa mwaka 1871, kutoka kusini mwa Texas hadi kituo cha reli cha Abilene, Kansas. Elijah ni mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, naye ndiye kiongozi wa msafara. Tomás ni mchunga ng'ombe wa Kimeksiko. Mhariri hana neno na mapenzi yao, bali anadai kwamba mtu mweusi kuwaongoza wazungu mwaka ule hakupatani na historia, na anataka Elijah awe mpishi. Je, nikubali au nikatae? Naomba mnijibu hilo tu, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyaamua.

Mzee wa Maktaba:
Mhariri wako ana nusu ya haki. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba mmoja kati ya wachunga ng'ombe wanne wa misafara ile alikuwa mtu mweusi, na sababu yake haina muujiza: kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mifugo mingi ya Texas ilichungwa na watumwa, na uhuru ulipotangazwa mjini Galveston, Texas, tarehe 19 Juni 1865, ujuzi ulikuwa mikononi mwao. Bose Ikard, aliyezaliwa mtumwa, alisafiri na mfugaji mkubwa wa Texas, Charles Goodnight, na kuaminiwa kubeba fedha za mauzo. Alipofariki mwaka 1929, Goodnight alimwekea jiwe la kumsifu kaburini. Hata hivyo, kuongoza msafara ilikuwa karibu daima kazi ya mzungu. Elijah anawezekana, lakini ni nadra, na unadra huo sharti uonekane katika nyuso za wale anaowaamuru. Kinachonitatiza ni kwamba wahariri wa hadithi za kubuni hawadai usahihi kwa ukali huo. Kitabu chako kimetangazwaje?

Mama Faraja:
Sitaficha kwamba siungi mkono mapenzi ya namna hiyo, na sioni kwa nini kalamu ya kijana wa Tanga itumike huko. Lakini suala la rangi limenigusa. Marehemu baba alikuwa akitupeleka sinema Dar es Salaam kutazama makauboi, na tukirudi nyumbani kaka zangu waliigiza walichokiona. Aliyekuwa mweusi kuliko wenzake ndiye aliyelazimishwa kuwa adui, naye alikubali bila kuuliza, kwa sababu katika zile picha hakuwahi kumwona kauboi anayefanana naye. Mchore Bass Reeves, mtu mweusi aliyekuwa askari wa serikali kuu tangu 1875 na kukamata wahalifu zaidi ya elfu tatu, uachane na hayo ya mapenzi.

Kijiko:
Mimi namtetea mpishi. Katika misafara ile mpishi alilipwa zaidi ya mchungaji wa kawaida, na hakuna aliyethubutu kusogelea gari lake la chakula bila idhini. Mpe Elijah sufuria, naye atawatawala wazungu wote kwa maharage.

Mchoraji wa Houston:
Ndugu Kijiko, nashukuru kwa kunichekesha, ila sikuomba kazi ya jikoni. Mama Faraja, shikamoo. Bass Reeves tayari ana wachoraji wake.

Binti Msomi:
Umemjibu kila mtu isipokuwa Mzee wa Maktaba. Kitabu kimetangazwaje?

Mchoraji wa Houston:
Jalada linasema ni kisa cha kweli, kilichotokana na barua walizoandikiana Elijah na Tomás. Barua hizo nimeziandika mimi, na baadhi nimekwisha kuzipaka chai ili zionekane za kale; zitachapishwa mwishoni mwa kitabu. Kabla hamjanihukumu, tafakarini: watu waliozaliwa utumwani wengi walinyimwa elimu, na wanaume waliopendana hawakuwa na sababu ya kuacha ushahidi ambao ungewaletea kamba shingoni. Tunajua kwamba katika kambi za wachimba dhahabu wa California wanaume walicheza dansi wenyewe kwa wenyewe, na aliyechukua nafasi ya mwanamke alifungwa kitambaa mkononi. Nyaraka zikinyamaza, nani atasema? Hata Nat Love, kauboi mweusi aliyechapisha kumbukumbu zake mwaka 1907, alitia chumvi bila aibu.

Binti Msomi:
Nat Love alitia chumvi katika maisha yake mwenyewe. Wewe unawatungia maiti ushahidi. Tena si kweli kwamba nyaraka zimenyamaza. Cathay Williams, mwanamke mweusi, alijiandikisha jeshini mwaka 1866 kwa jina la kiume akatumikia karibu miaka miwili, na habari zake zilichapishwa na gazeti la St. Louis mwaka 1876. Osh-Tisch wa taifa la Crow, mojawapo ya mataifa ya wenyeji asilia wa Marekani, aliyezaliwa na mwili wa kiume akaishi na kuvaa kama mwanamke kwa heshima ya watu wake, alipigana katika vita vya Rosebud mwaka huohuo wa 1876. Charley Parkhurst aliendesha magari ya farasi California akijulikana kuwa mwanamume, na ni alipofariki mwaka 1879 ndipo mwili wake ulipogundulika kuwa wa kike. Sisemi kila mmoja wao angejiita kwa majina tunayotumia leo. Nasema siku barua zako zitakapoumbuliwa, asiyetaka kusikia habari za watu hawa atakuwa amepata kisingizio, na ile hesabu ya mmoja kati ya wanne itatupwa pamoja na chai yako. Andika kwamba ni hadithi ya kubuni, kisha umwachie Elijah uongozi wake. Hadithi ya kubuni inaruhusiwa kumchagua aliye nadra.

Mpekuzi:
Samahani kwa kukatiza darasa. Mtu anayeweza kutunga barua za marehemu hashindwi kututungia mhariri. Mhariri gani Marekani akubali wanaume wawili wapendane, asiulize barua zimetoka maktaba gani, kisha akwame kwenye cheo cha mmoja wao? Hatujaona hata ukurasa mmoja wa kitabu. Ninashuku uzi huu wenyewe ndio rasimu, na sisi ni wahusika.

Kijiko:
Kama ni hivyo, naomba nichorwe nikiwa mwembamba.

Mama Faraja:
Nami nilishangaa. Nimemsimulia mambo ya kaka zangu mtu nisiyemjua.

Binti Msomi:
Mhariri anaweza kuwa wa kubuni, ila tatizo lenyewe lina historia. Mwaka 1965 kampuni ya Dell ilitoa jarida la katuni la Lobo, ambalo shujaa wake alikuwa kauboi mweusi, likakoma baada ya matoleo mawili. Mwaka 2003 kampuni ya Marvel ikamfanya Rawhide Kid, kauboi wa katuni zake za zamani, awe shoga. Alikuwa mzungu, na mapenzi yake yaligeuzwa mizaha tangu mwanzo hadi mwisho. Kauboi mweusi apendaye mwanaume mwenzake, bila mzaha, anastahili kitabu, hata kikiandikwa na mwongo.

Mchoraji wa Houston:
Sitaweka mkataba wangu hadharani ili kumridhisha Mpekuzi, lakini ukurasa nimeuambatisha hapa chini, mjionee. Elijah atabaki kiongozi. Kuhusu jalada, nitapendekeza liseme kisa kimechochewa na matukio ya kweli, jambo ambalo hakuna awezaye kulipinga. Barua zitabaki, zimenigharimu usingizi mwingi.

Mzee wa Maktaba:
Nimeutazama ukurasa. Farasi umewachora vizuri, na Elijah ana uso wa mtu anayefikiri. Lakini Tomás amelala chini ya mti, kofia imemfunika macho, wakati wenzake wanahangaika na ng'ombe. Kamba, tandiko lenye pembe, ngozi za kukinga miguu, namna yenyewe ya kufanya kazi ile juu ya farasi, yote hayo Texas iliyapata kwa wachunga ng'ombe wa Kimeksiko. Tumebishana uzi mzima kuhusu Elijah, na hakuna aliyemuulizia mwenzake, hata mhariri wako, kama yupo.

Mchoraji wa Houston:
Tomás hakai sana katika hadithi. Anazama mtoni kabla ya kufika Kansas, na barua ya mwisho ni ya Elijah peke yake.

Mzee wa Maktaba:
Aliyeamua azame ni nani, wewe au mhariri?