Mjadala: Maktaba ya Python ijaribiwe kwenye matoleo yote, au la zamani na jipya tu?

Mleta mada: Wakuu, maktaba (msimbo wa kutumiwa ndani ya programu nyingine) inayotangaza `requires-python = ">=3.10"` (yaani Python 3.10 kwenda juu) inabeba matoleo 5, kuanzia 3.10 hadi 3.14. Zidisha kwa Linux, Windows na macOS: kazi 15 (kazi moja ni mzunguko mmoja wa majaribio ya kiotomatiki) kila msimbo unapoguswa. Mimi nasema mawili yanatosha, la zamani kabisa na jipya kabisa, yaani kazi 6. Ukitumia kitu kipya mno, kama `tomllib` iliyoingia 3.11, toleo la 3.10 litakuumbua. Ukitegemea kilichoondolewa, kama `distutils` (3.12) au `cgi` (3.13), 3.14 itagoma. Ya katikati yanaongeza nini?

Mtunza maktaba: Napinga, mkuu. Hoja yako inasimama kwa maktaba isiyotegemea kifurushi chochote. Weka NumPy, kifurushi cha hesabu, uone: kwenye 3.10 pip (kisakinishi cha vifurushi) inaishia NumPy 2.2, maana 2.3 inadai Python 3.11 kwenda juu. Kila toleo la Python linaweza kukuletea mchanganyiko wake wa vifurushi. Halafu msimbo wenye masharti ya `sys.version_info`, yanayoangalia toleo la Python: tawi linalohusu 3.11 peke yake halitaguswa kamwe kwa mpango wako. Na huko katikati ndiko waliko watumiaji. Kwenye mifumo ya Linux, Debian 12 inakuja na 3.11, Ubuntu 24.04 na 3.12. Kama gharama inauma, jaribu matoleo yote 5 kwenye Linux, kisha Windows na macOS wapate mawili tu, la zamani kabisa na jipya kabisa. Jumla kazi 9.

Fundi wa seva: Mnasahau programu zisizo maktaba. Kama inaendeshwa kwenye seva zako mwenyewe, jaribu toleo lile lile lililoko kwenye seva, tena kwa kontena (kifungashio cha programu na mazingira yake) ile ile, mfano `python:3.12-slim`. Ongeza kazi moja ya toleo linalofuata, ukiwasha `-W error::DeprecationWarning`, inayogeuza maonyo ya vitu vilivyopitwa na wakati kuwa makosa. Hapo `datetime.utcnow()`, inayotoa onyo tangu 3.12, itaonekana mapema. Ila kazi hiyo isizuie mabadiliko kuingia, kwa sababu maonyo ya vifurushi vya watu wengine nayo yataiangusha.

Mpimaji: Kabla ya kubishania idadi, hakikisheni majaribio yanaendeshwa kweli. Kwenye YAML, muundo wa faili za mipangilio, 3.10 bila alama za nukuu ni namba, inasomwa 3.1. Andika `"3.10"`. Kwenye tox, zana ya kuendesha majaribio kwa matoleo mbalimbali, `skip_missing_interpreters = true` inaruka toleo lisilokuwepo kwenye mashine, na matokeo bado yanasomeka kuwa yamefaulu mradi mengine yamepita. Hili ni hatari kuliko kupunguza matoleo, kwa sababu mnaamini mmelindwa. Na kwenye GitHub Actions, huduma ya kuendesha majaribio kiotomatiki, wekeni `fail-fast: false`, la sivyo kazi moja ikianguka nyingine zinakatishwa, na hamtajua kama tatizo ni la 3.14 pekee.

Mleta mada: Kazi 9 nakubali. Na 3.9? Muda wake wa kuhudumiwa uliisha Oktoba 2025.

Fundi wa seva: RHEL 9, mfumo wa Linux wa Red Hat, inayo kama Python ya mfumo, na inahudumiwa hadi 2032. Ukiitupa unawaumiza hao.

Mtunza maktaba: Hawaumii kiasi hicho. RHEL 9 ina vifurushi vya 3.11 na 3.12 vinavyokaa kando ya 3.9. Atakayebaki nyuma, pip itamchagulia toleo la mwisho la maktaba linalokubali 3.9, ilimradi `requires-python` iliandikwa sawasawa. Kinachobaki ni marekebisho ya usalama: fungua tawi (nakala ya msimbo ya kando) la toleo hilo la mwisho, lijaribu kwa 3.9 kwenye Linux tu, na utangaze tarehe ya kulifunga.