Ushauri: Je, kasha la Thunderbolt litaiponya diski yangu ya nje inayosuasua?

Mhariri_Usiku: Wakuu, naombeni ushauri. Kila nikihamisha video za gigabaiti 400 kwenda kwenye diski yangu ya nje, kasi huanza na megabaiti 900 kwa sekunde, kisha huporomoka hadi 38 na kubaki hapo hapo, nami hukesha karibu saa tatu nikiukodolea macho mstari wa kijani usiosogea. Nimeona kasha la kutilia diski la Thunderbolt 3, ule muunganisho wa kasi kubwa, lenye gigabiti 40 kwa sekunde. Je, linafaa?

BabuBiti: Tanguliza usalama, mwanangu. Nilipoteza picha za miaka sita kwa kutegemea diski moja iliyoanguka kutoka mezani. Nunua mbili za kawaida.

Fundi_Waya: Ndani ya kasha la sasa mna diski gani?

Mhariri_Usiku: Nzuri tu, ya terabaiti 2, haijawahi kunisumbua.

Fundi_Waya: Sikuuliza tabia yake, ndugu yangu. Ni SSD, yaani ya chipu tupu, au ya sahani zinazozunguka?

Mhariri_Usiku: Ya sahani, mizunguko 5400 kwa dakika. Lakini nikiwa na kasha bora nitabadilisha diski baadaye. Tena nimekwisha kulipa nusu ya bei.

Mama_Kebo: Kumbe unamvika kobe viatu vya mkimbiaji! Isitoshe, makasha mengi ya Thunderbolt 3 hupokea NVMe, zile SSD nyembamba za kasi, kwa hiyo diski yako huenda isiingie kabisa. Mimi nilitia NVMe katika kasha la plastiki. Mwanzoni ilipaa, kisha ikachemka hadi haigusiki, na kasi ikaanguka.

Mdadisi: Uzi huu umetungwa. Hakuna diski ya sahani inayoandika megabaiti 900 kwa sekunde. Mwenzetu anauza makasha.

Fundi_Waya: Hajatunga. Mwanzoni data huingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na mstari ule huihesabu kana kwamba imekwisha kuandikwa. Kinachonitia shaka ni hiyo 38, kwa sababu ndiyo kasi halisi ya USB 2.0, ambayo kwenye karatasi ni megabiti 480 (megabaiti 60, kwa kuwa baiti moja ni biti nane), ilhali diski yako inaweza kufika megabaiti 100 na ushei, na USB 3.0 ya gigabiti 5 huubeba mzigo huo bila kutoka jasho. Unatumia kebo ipi?

Mhariri_Usiku: Ya kuchajia simu. Vichwa vinafanana, nikaona ni yale yale.

Fundi_Waya: Kebo nyingi za kuchajia zenye kichwa cha USB-C zina nyaya za USB 2.0 tu. Tumia iliyokuja na kasha, uhamishe faili moja kubwa, wala usiitazame kasi ya mwanzoni.

Mhariri_Usiku: Nimeikuta kwenye droo, haijafunguliwa hata kifungo chake. Kasi imetulia kwenye 118. Nawashukuru sana, ila muuzaji amesema nusu ile hairudishwi, kwa hiyo sasa nishaurini SSD ya kutia ndani ya lile kasha.

Mdadisi: Si nilisema?