Kadi namba 1, kura tatu

Kikundi: MAJIRANI WA MTAA 🏠

Mama Neema: Shikamooni wazee, na wengine hamjambo. Neema ana mdahalo wiki ya Nyerere Day. Hoja: "Mwalimu Nyerere aliacha ualimu akawa mwanasiasa." Yeye anapinga. Dakika tano tu. Aanzie wapi?

Mzee Kassim: Marahaba mama. Aanze na neno "aliacha", hapo ndipo hoja inapovuja: aliacha darasa, ila aliendelea kufundisha ndani ya siasa. Kazi ya darasani aliiacha kweli, Machi 1955, shule ya Pugu, akiwa ametoka New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliambiwa achague, chaki au TANU, chama cha siasa alichokiongoza.

Baba Juma: Si alifukuzwa?

Mwl. Josephine: Alijiuzulu, Baba Juma. Neema akisema "alifukuzwa" upande wa pili utamkalia hapo hapo mpaka dakika zake ziishe.

Mwl. Josephine: Na kosa jingine la kila mwaka: "alipata masters Edinburgh". MA ya vyuo vile vya kale vya Scotland ndiyo shahada ya kwanza. Mlolongo wenyewe ni Makerere 1943 hadi 1945, stashahada ya ualimu. Kisha St. Mary's Tabora. Edinburgh 1949 hadi 1952, masomo yakiwemo historia, uchumi na falsafa. Halafu Pugu.

Mama Neema: Kwa hiyo falsafa aliikuta Edinburgh?

Mwl. Josephine: Aliisoma rasmi huko, ila John Stuart Mill alishamsoma akiwa Makerere, na aliandika insha akitumia hoja za Mill kuhusu hali ya wanawake. Huyo bado ni mwanafunzi wa ualimu.

Mzee Kassim: Hapa niweke tahadhari. Asiseme chama alikianzisha kutoka sifuri. African Association ipo tangu 1929, baadaye ikaitwa TAA, na alipochukua urais wake mwaka 1953 alimkuta Abdulwahid Sykes uongozini. Kutoka humo TANU ikazaliwa 7 Julai 1954, waasisi 17. Kadi namba 1 ni yake, lakini nyumba ilikuwa na msingi tayari.

Baba Juma: Sawa, ila "aliendelea kufundisha" inathibitishwaje? Hotuba kila mwanasiasa anatoa.

Mzee Kassim: Kwa kura tatu. Hapo ndipo pa kutumia dakika mbili nzima.

Mama Neema: Kura tatu ndiyo ile ya vyama vingi? 🙈

Mzee Kassim: Hapana mama. Ni uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959. Majimbo 10, kila jimbo viti vitatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Waafrika zaidi ya milioni 8, Wazungu kama 20,000, viti sawa kwa sawa. Na mpiga kura lazima achague mtu katika kila kundi. Ukimpa kura Mwafrika wako ukaacha nafasi nyingine wazi, karatasi yote imeharibika.

Baba Juma: Na hukuandikishwa mpaka uwe na pauni 150 kwa mwaka.

Mwl. Josephine: Kipato hicho, au elimu ya kiwango fulani, au cheo. Tena asichanganye na faini ya Nyerere ya pauni 150 katika kesi ya kashfa mwaka huo huo wa 1958. Namba moja, mambo mawili.

Mzee Kassim: Sasa mkutano wa TANU Tabora, Januari 1958. Wajumbe wengi wamefika na jibu moja, tususie. Ni matusi, na walikuwa na haki ya kukasirika. Nyerere hakubishana nao kama ni matusi. Alishuka nao ngazi kwa ngazi: tukisusia, viti vinabaki? Vinabaki. Vinachukuliwa na nani? UTP, chama kilichopendwa na Gavana Twining. Hao ndio watakaoitwa sauti ya Tanganyika. Tukiingia je? Lile sharti la kura tatu linageuka. Mpiga kura wa TANU ndiye atakayeamua pia ni Mwasia gani na Mzungu gani aingie.

Mwl. Josephine: Na ndivyo ilivyokuwa. Amir Jamal, Mwasia, na Derek Bryceson, Mzungu, waliingia kwa kuungwa mkono na TANU, baadaye wakawa mawaziri. UTP ikafa.

Baba Juma: Kumbe mtego uliwanasa walioutega 😄

Mzee Kassim: Ila haikuwa bure. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU akaanzisha chama chake, ANC. Neema alitaje hilo yeye mwenyewe kabla hajaulizwa.

Mama Neema: Na baada ya uhuru?

Mwl. Josephine: Hapo kuna tarehe tamu. Uhuru 9 Desemba 1961. Tarehe 22 Januari 1962 anajiuzulu uwaziri mkuu, anamwachia Kawawa, anakwenda kukijenga chama. Aprili inatoka makala yake ya Ujamaa. Mle ndani hafafanui kwa maneno makubwa, anachukua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yaani ujamaa si kulishwa, kila mtu ni mfanyakazi. Halafu anamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka 1963.

Baba Juma: Wapinzani watamtupia vijiji vya Ujamaa. Na kizuizini.

Mzee Kassim: Asikatae. Sheria ya kuweka watu kizuizini ni ya 1962, chama kimoja kisheria 1965. Vijiji, hadi 1973 watu wanashawishiwa, kisha ikawa amri. Nyumba zikapangwa mstari, mashamba yakabaki mbali, maji na kuni vikazidiwa, na wengine walihamishwa bila mtu kupima ardhi. Vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa 1976, mkulima akakopwa mazao yake. Hapo aseme wazi: Tabora alishawishi, kwenye vijiji dola ilisukuma.

Mama Neema: Si atakuwa anawasaidia wapinzani?

Mwl. Josephine: Hoja inasema aliacha ualimu. Mwalimu anayechapa ni mwalimu bado, ila hafundishi vizuri 😅 Ajibu hivyo.

Mama Neema: 😂😂 Nimenukuu.

Mzee Kassim: Achore karatasi ya kura kwenye manila. Safu tatu, Mwafrika, Mwasia, Mzungu. Aweke alama safu ya kwanza tu, aulize darasa kura hii inahesabiwa? Watasema ndiyo. Aichane mbele yao.

Mama Neema: Manila ipo. Maka peni ndiyo imekauka.

Baba Juma: Ninayo nyeusi. Mtume Neema aje kuichukua kabla ya saa mbili, nafunga geti.