Naomba ushauri: nimesoma hesabu, nataka masta ya ubongo na kompyuta, nianzie wapi?

Kijana_wa_Ilala:
Habari za saa hizi wakuu. Nina miaka 26, digrii yangu ni hesabu na takwimu, nimesomea hapahapa Dar, GPA 3.9, kwa sasa nafundisha tuisheni huku nashika data za kampuni moja ya mikopo. Nataka nisome masta ya nyurosayansi, ule upande wa utambuzi na kompyuta, yani kuelewa ubongo unavyokumbuka na kuamua kwa kutumia hesabu na programu.

Kilichonisukuma ni mdogo wangu, ana kifafa toka ana miaka saba. Mwaka juzi nilimsindikiza kupimwa EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo, dada wa pale akawa anampaka jeli kichwani anabandika waya mmoja mmoja, dogo akaambiwa fumba macho, mara mistari kwenye skrini ikageuka ikawa mawimbi makubwa yanayokwenda sawasawa, akaambiwa fumbua yakapotea. Mi nikaona kabisa hii ni hesabu niliyosoma mwaka wa pili, toka siku hiyo kichwa hakijatulia.

Shida ni kwamba baiolojia niliishia form four, hela ya ada ya nje sina, na mama anasema niombe ualimu niachane na mambo ya mbali. Niingie au napoteza muda?

Mama_Wawili:
Mdogo wangu, pole kwa dogo kwanza. Anameza dawa zake vizuri?

Kijana_wa_Ilala:
Anameza dada, tunashukuru Mungu, saizi inaweza kupita miezi mitatu hajaanguka.

Daktari_Ughaibuni:
Mkuu baiolojia isikutishe, waliopata tabu darasani kwetu tulikuwa sisi tuliotoka udaktari. Nilienda Ujerumani najua kila mshipa wa kichwa halafu wiki ya pili mwalimu anaandika linia aljebra na probabiliti ubaoni mi natoa macho tu. Wewe hiyo unayo, na biolojia ya neva unayohitaji kuanzia unaisoma miezi minne mitano.

Anza na Hodgkin na Huxley. Hawa wanasayansi wawili Waingereza mwaka 1952 walieleza kwa difrensho ikwesheni nne jinsi neva inavyopiga umeme, wakapata Nobel 1963, na waliipima kwenye ngisi, kwa sababu ngisi ana neva moja nene inayoweza kukaribia milimita moja, unaiona kwa macho. Hizo ikwesheni ziandike mwenyewe kwenye Python, ile lugha ya programu, usikopi. Ukiingiza mkondo mdogo wa umeme neva inatulia kimya, ongeza kidogokidogo, kuna mahali inaanza kufyatua mfululizo. Siku ukiiona hiyo kwenye laptop yako utajua kama hii kazi ni yako, mimi nililia.

Kuhusu hela, Berlin pale Bernstein Center, kituo cha nyurosayansi ya kompyuta, kuna masta ya miaka miwili inafundishwa kwa Kiingereza na haina ada ya masomo, unalipa michango ya muhula tu. Tübingen, mji mwingine wa Ujerumani, nako wazuri sana ila jimbo lile toka 2017 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa muhula. Kikwazo kikubwa ni viza, wanataka uoneshe hela ya kuishi mwaka mzima, ilikuwa euro 11,904 mara ya mwisho nilipoangalia, kwa hiyo tafuta skolashipu kabla hujaanza kuota.

Nipo_Sheffield:
Uingereza pia ipo, Sheffield wana masta yenye jina hilohilo la utambuzi na kompyuta. Ila ni mwaka mmoja, mbio mbio, ukija bila kujua kuandika programu unamaliza hujaelewa kitu. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, wanataka uwe na miaka miwili ya kazi, hizo data za mikopo zinahesabika, tunza barua zako.

Mswahili_Kilifi:
Mimi nitasema tofauti kidogo. Usikimbilie kuondoka. Hapa Kilifi watafiti wamefuatilia kwa miaka watoto waliougua malaria ya ubongo, wengine wanabaki na kifafa, wengine shule inawashinda, na maswali hayo yanataka watu wa hesabu waliokulia huku. Cape Town kila Januari kuna Imbizo, shule fupi ya nyurosayansi ya kompyuta, na ufadhili kwa Waafrika upo. Neuromatch, shule nyingine ya aina hiyo, ipo mtandaoni kila Julai, wiki tatu, ada wanapunguza kulingana na nchi na usipoweza unaomba usilipe. Pia AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hesabu, pale Kigali, masta ya hesabu yenye ufadhili kamili. Hiyo ndo ningemwonesha mama kwanza, maana Kigali anaweza kupanda basi akaja kukuona.

Na kitu kimoja muhimu: kuna rekodi za EEG za watoto wenye kifafa kutoka hospitali ya Boston, zinaitwa CHB-MIT, ziko bure kwenye tovuti ya PhysioNet. Fanya mradi nazo. Barua ya maombi yenye mradi wako mwenyewe inasomwa.

Kijana_wa_Ilala:
Wakuu nimerudi, samahani kimya cha wiki mbili, umeme na tuisheni za mitihani. Nimeshusha faili la mtoto wa kwanza. Kila sekunde namba 256 kwa kila waya. Nimechora, nikasogea mpaka mahali walipoandika degedege linaanza, mistari yote inaruka kwa pamoja. Dogo alikuwa amekaa pembeni akauliza, "Kaka, na yangu huwa hivyo?" Nikamwambia ndio. Akaomba nirudishe nyuma, aone kabla haijaanza.

Daktari, hapo kabla haijaanza kuna kitu natakiwa kutafuta? Kwa macho sioni.

Daktari_Ughaibuni:
Hilo ndo swali lenyewe mkuu, watu wanalifanyia PhD. Nicheki inboksi leo usiku.