Maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi mguuni, naomba ushauri

Wakuu habari zenu. Niko Moshi, naendesha bodaboda njia ya Kibosho. Maumivu yananianzia kiunoni kushoto, yanapita kwenye kalio na nyuma ya paja hadi kidole gumba cha mguu, kama nimepigwa shoti. Nikipiga chafya ndiyo balaa kabisa! Daktari anasema ni neva ya siatiki (mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka toka kiunoni hadi mguuni), huenda diski, ule mto laini kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno, imetokeza ikaibana neva hiyo. Mkojo na choo viko sawa, mguu una nguvu, hivyo kanipa dawa na mazoezi. Mama mkwe anang'ang'ania nikachuliwe mgongo kwa nguvu (mimi sitaki). Aliyepona bila upasuaji, mazoezi gani yalimsaidia? Na pikipiki alirudia lini?