Papa ana silikozi, kampuni inasema ni sigara. Kuko sheria ya kumusaidia?

MwanaKatuba85
Jambo yenu bandugu ba Lubumbashi na Likasi, kwetu huku Congo, niko na ulizo moja inaninyima usingizi. Papa yangu alitumika myaka 22 kwa kampuni moja ya shaba, sehemu kubwa kwa fasi ya kusaga mawe, vumbi mpaka mu masikio, mama alikuwa anamukatalia kuingia nyumbani mbele ya kukung'uta nguo inje. Akaacha kazi 2014. Tangu 2019 ni kukohoa na pumzi kupunguka, saa hii kutoka kwetu Katuba mpaka kwa barabara kubwa anasimama mara tatu, na ni karibu sana. Walimupa dawa ya kifua kikuu mara mbili, makohozi haikuonesha kitu hata siku moja. Mwaka huu munganga mungine akaomba radio ya kifua (picha ya eksirei), akaangalia akasema hapana, hii ni silikozi, ni ile vumbi.
Nikaenda kwa kampuni. Wakaniambia mambo mbili, ya kwanza kontra iliisha zamani, ya pili papa alikuwa anavuta sigara. Kweli alikuwa anavuta, paketi moja wiki nzima, akaacha 2006. Na ile karatasi ya munganga imeandikwa tu "ugonjwa wa mapafu wa kudumu". Je, kuko sheria inaongea juu ya bantu sawa papa, ao niache tu niendelee kununua dawa?

KimyaKingi
Pole sana ndugu. Lakini usimalize makuta (feza) ya transport bure. Sheria ya hapa kwetu inakaa muzuri mu karatasi kuliko mu lopitali. Si walituambia afya ya wote, ile ordonansi ya mwezi wa 3 2023, wakaanza na kuzalisha bure, sawa sikatai, ni kitu kizuri. Lakini mama yangu ana asma, pompi ananunua mwenyewe, na mwezi kama hakuna kitu anapuliza moja fasi ya mbili juu ifike mwisho wa mwezi. Nani anaongea juu yake? Mwenye mapafu ya kuharibika hana mimba, hana kelele, anakaa tu kwa kiti.

PapaSendika
Mwana yangu wa Katuba, mi nilikuwa delege wa sendika (chama cha wafanyakazi) myaka 11, basi nisikilize. Kimya ana haki ya kulia lakini anachanganya njia mbili. Afya ya wote ni njia moja, ingali mbali. Papa yako yeye ana njia ingine, ya hatari za kazi, yaani ajali na magonjwa ya kazi, iko mu sheria n° 16/009 ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 juu ya sekirite sosiale. Leo kampuni inapashwa kupeleka kwa CNSS, kesi ya serikali ya sekirite sosiale (siye wazee tungali tunasema INSS), 18 kwa mia ya mushahara, 5 inatoka kwa mufanyakazi, 13 kwa kampuni, na ndani ya ile 13 kuko 1,5 ya hatari za kazi peke yake, mufanyakazi hatoi hata franka. Kwa hiyo papa yako haombi sadaka mwana yangu. Ni asiranse (bima).
Sasa juu ya kontra kuisha, wasikuchekeshe. Silikozi ni ugonjwa wa polepole, mara mingi inaonekana kiisha myaka 10, 15, 20, na vumbi ikishaingia mu mapafu haitoki juu muntu amepewa barua ya kuacha kazi. Vumbi ingekuwa inasoma kontra tungekuwa wote wazima.
Kidonda yako iko kwa ile karatasi. "Ugonjwa wa kudumu" inaweza kuwa ya muntu yeyote, hata ya mama anapika na mbabula. Rudia kwa munganga, umuombe kwa heshima aandike jina lenyewe silikozi, aandike kazi gani papa alifanya, na myaka ngapi. Kiisha tafuta fishi za mushahara, kuko namba yake ya INSS, na atestasio ya kazi. Unaanzia kwa CNSS na hizo, kampuni ikikataa kutoa karatasi unapita kwa inspekteri wa kazi.

AnfirmieKampemba
Papa Sendika amesema sawa, naongeza ya lopitali. Sigara HAILETI silikozi, inakuja tu kuongeza mubaya juu ya mubaya, kwa hiyo mukiambiwa tena sigara muwaulize vumbi ya jiwe ilitoka kwa paketi gani. Lakini ndugu usidharau kifua kikuu, mwenye silisi (ile vumbi ya mawe) mu mapafu anakipata rahisi kuliko wengine, papa akianza homa ya usiku na kukonda mupeleke wapime tena kwa mashine ya GeneXpert, na ikiwa ni yenyewe dawa ni za bure. Kitu kibaya nimeona sana ni kumumezesha mugonjwa dawa ya kifua kikuu bila kumupata na mikrobe, huku ile silikozi inaendelea kimya kimya. Na tafadhali musinunue tu dexa (deksametazoni) kwa farmasia ya kona kila akikosa pumzi!!
Silikozi haiponi, nisikudanganye. Munachotafuta ni asizidi na apumue. Na kuko wagonjwa wanafika fasi ya kuhitaji oksijeni nyumbani, mashine inataka umeme na munajua delestaji yetu (kukatwa umeme), nilishaona familia inazungushia mashine jenereta ya jirani usiku, petroli inamaliza kuliko dawa. 2023 kule Geneva, mu mukutano wa OMS (shirika la afya la dunia), inchi zilipitisha azimio juu ya oksijeni ya lopitali, 2025 tena wakapitisha ya afya ya mapafu. Hizi si sheria za kushitaki muntu lakini kama munaandika kwa wakubwa muzitaje, inchi yetu iko mwanamemba.

ShofereKasumbalesa
Mi napita mupaka kila wiki. Kitwe, pale Zambia karibu, kuko nyumba ya serikali yao ya kupima mapafu ya wafanyakazi wa migodi, radio ya kifua ni jambo la kawaida, kule unajua hali ya mapafu yako ungali na nguvu. Na Afrika Kusini ndio usiseme, wachimba zahabu wenye silikozi walishitaki kampuni PAMOJA, koti ikawakubalia 2016 waende kama kundi, 2019 ikapitisha mapatano, wakaunda mfuko unaitwa Tshiamiso Trust, mpaka wajane wanaweza kuomba. Hakuna aliyewapa kwa huruma. Wewe ukienda peke yako na papa wako watakuchosha, tafuta wale walitumika naye.

KimyaKingi
Haya basi, mimi ni mutu wa kulalamika lakini hii ya shofere imeniingia. Kama munaandika, andikeni kwa fasi makuta iko. Code ya migodi walirekebisha 2018, kampuni ya migodi inapashwa kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Mara mingi ninaona ni pompi ya maji na vyumba vya masomo, muzuri, lakini nani amesha kuomba mashine ya kupima pumzi? Nilishauliza mu mukutano moja wakaniangalia sawa nimeomba ndege.

PapaSendika
Kimya, unaona ukitaka unajua! Na muongeze kifungu cha 27 cha Katiba. Mucongomani yeyote, peke yake ao na wenzake, anaweza kuandikia wakubwa petisio, na wao wanapashwa kujibu ndani ya myezi mitatu, na hakuna ruhusa ya kumufuata muntu juu aliandika. Mupeleke kopi mbili, moja wapige muhuri wa kupokea na tarehe, murudi nayo. Bila muhuri ile myezi mitatu haina mwanzo.

MwanaKatuba85
Aksanti sana wazee na bandugu, mama anfirmie pia. Jana munganga alikubali kuandika upya, ameandika silikozi, na kazi ya kusaga, na 22. Fishi papa alizificha mu boiti ya biskuti chini ya kitanda, panya ilikula za 1998 lakini namba ya INSS inasomeka kwa zingine. Papa mwenyewe amenitajia majina ya wenzake 14 wa ile fasi ya kusaga. 6 walishakufa. Wajane wawili wako hapa hapa Katuba, ninaenda kwao jumamosi, na kule Ruashi kuko muzee mwingine, anakohoa sawa papa, wanamumezesha dawa ya kifua kikuu sasa mara ya tatu.